Ndugu Yeyote

Sahani ya kitanda cha saba ilikuja kila mchana kama zilivyokuja sahani nyingine, imefunikwa, na juu yake kibandiko: Kitanda cha saba. Mgonjwa: Hajulikani. Chakula laini. Mpishi hakuwa na kosa. Jikoni wanapakua kwa kufuata mfumo, na mfumo ulisema kitanda cha saba kina mtu, na mtu lazima ale. Kitandani hapakuwa na mtu. Palikuwa na shuka lililonyooshwa, mto usio na kishimo cha kichwa, na kiti cha mgeni kilichogeuzwa kuelekea ukutani. Mhudumu aliiweka sahani juu ya kabati dogo la pembeni, jioni akaja kuichukua ikiwa imepoa. Hakuna aliyeigusa. Na nawafahamu wahudumu wa wodi ile, watu wasioacha hata ganda.

Habari hizo nilizipata kwa simu, nikiwa ofisini kwangu ghorofa ya chini.

"Bi Haiwezekani," alisema sista wa wodi ya wanaume, "hebu panda juu uje umtoe mtu wako."

"Mtu wangu yupi?"

"Huyu asiyetaka kutoka. Amekufa, tumempeleka mochwari, kitanda tumekisafisha kwa dawa, lakini huo mfumo wako unasema yupo. Nina fundi seremala hapa, kaanguka kutoka kwenye paa, yuko kwenye machela koridoni watu wanampita kama meza. Nikitaka kumlaza naambiwa haiwezekani. Sasa tuamini macho yetu au kompyuta yako?"

Jina la Bi Haiwezekani nilibandikwa na hospitali nzima, na sikulikataa. Mimi ndiye mtunza hifadhidata, yaani pale taarifa za wagonjwa zinapokaa zimepangwa katika majedwali: jedwali la wagonjwa, la vitanda, la dawa, la ndugu. Watu wanadhani kazi yangu ni kuingiza taarifa. Kazi yangu ni kuzizuia. Kitanda kimoja, mtu mmoja. Dawa haitoki kwa mgonjwa ambaye hayupo. Mtoto mchanga hasajiliwi kama mama yake hajasajiliwa. Ukikosea, skrini inakuandikia Haiwezekani kwa herufi nyekundu, na chini yake inakupa sababu. Wakubwa walitaka iandike "Samahani, tafadhali jaribu tena." Nikagoma. Ajaribu tena nini, wakati jambo lenyewe haliwezekani?

Katika sheria zote nilizoziweka, ipo moja niliyoipenda kuliko nyingine. Hakuna anayetoka hospitalini, kwa miguu yake au kwa kubebwa, mpaka iandikwe ni nani amemchukua. Na huyo aliyemchukua haandikwi hivihivi. Lazima kwanza asajiliwe kwenye jedwali la ndugu, jina lake, simu yake, uhusiano wake na mgonjwa. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, mgonjwa habanduki kitandani. Watu walidhani niliiweka kwa ajili ya zile familia mbili zilizogombania jeneza moja pale getini mpaka askari akaitwa. Niliwaacha wadhani hivyo.

Niliiweka kwa ajili ya kaka yangu. Alikwenda mbali kufanya kazi za ujenzi, akawa anapiga simu, kisha simu zikakatika. Mwenzake mmoja wa kazini akaja kutuambia kwamba aliugua, wakampeleka hospitali kubwa ya huko, na wao wakahamishiwa kwenye jengo jingine. Nikafunga safari. Kijana wa mapokezi akafungua kompyuta yake, na kweli kaka alikuwemo: siku aliyolazwa, homa yake, damu aliyopimwa. Mstari wa mwisho uliandikwa: Amechukuliwa na ndugu.

Nikamwambia yule kijana, ndugu gani? Huyu hana baba, mama yuko nyumbani, na ndugu yake duniani ni mmoja tu, naye amesimama mbele yako na hakumchukua mtu. Akainua mabega. "Hapo mtu anaandika anachotaka, dada," akanijibu. "Mfumo haulazimishi."

Nilirudi na maneno hayo matatu, amechukuliwa na ndugu, nikampa mama. Nilidhani yangemchoma kama yalivyonichoma mimi. Mama akayapokea kwa mikono miwili. Tangu hapo, akiulizwa habari za mwanawe, anasema, "Yuko kwa ndugu." Anasema hivyo bila kupepesa, kama mtu anayesema mtoto yuko shule. Hajamlilia hata siku moja. Ningeanzia wapi kumwambia alie?

Basi nikapanda wodini. Sista alinipokea mlangoni, mikono kiunoni. Ni mwanamke mfupi, mnene, na sauti yake mgonjwa huifahamu hata akiwa usingizini. Tukasimama mbele ya kitanda cha saba. Nilikagua mfumo kwenye kompyuta ya wodi, na mfumo haukuwa na hitilafu yoyote. Mgonjwa asiyejulikana, mwanaume, makamo, aliokotwa na wapita njia akiwa na degedege. Alifariki. Aliyemchukua: hapakuwa na kitu. Sheria yangu ilikuwa inafanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kumweka pale mpaka mtu aje, na chakula na dawa zake ziendelee kuja.

"Hakuna aliyekuja?" niliuliza.

"Angekuja mtu ningekuita?"

Nikamwambia sina la kufanya hadi apatikane mwenye maiti. Sista akasema vizuri, nenda, nami nikajua hiyo "vizuri" haikuwa nzuri. Nilipogeuka tu, akamlaza fundi seremala kitanda cha saba bila kumwandika popote.

Kesho yake mchana, muuguzi wa zamu, msichana mgeni, alitoka na trei yake kufuata orodha ya mfumo. Kitanda cha saba, sindano ya degedege. Akampandisha fundi mkono wa shati.

"We binti," fundi akamaka, "mimi nimevunjika mguu. Sindano ya degedege ya nini?"

"Kitanda cha saba si ndiyo wewe?"

"Basi mpe huyu mwenzangu. Ndiye anayetetemeka."

Trei ilianguka, na kelele yake ilisikika hadi koridoni. Yule binti alilia, akakataa kurudi upande ule. Fundi, maskini, alishangaa watu wanashangaa nini. Alieleza kwa utulivu, jua likiwa linawaka dirishani, kwamba tangu alazwe pale kuna mtu anambana upande wa kushoto. Si mtu mbaya, alisema. Baridi tu, na hajui kulala na mwenziwe. Alikuwa amesogea ukingoni kabisa kumpisha, mguu wake wenye plasta ukining'inia nje. Daktari alimpima akamkuta na homa, akasema ni homa. Fundi mwenyewe aliomba arudishwe koridoni kwenye machela. "Nafasi ya mtu ni ya mtu," alisema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakavuta shuka zao hadi kidevuni.

Mimi siamini mizimu. Lakini mtu yule alikuwa anasema kilekile kilichoandikwa kwenye jedwali langu, na hajawahi kuliona.

Daktari mkuu akatuita ofisini kwake, mimi na sista. Si mtu mkali. Ni mtu aliyechoka, anayezungumza akiwa ameshika paji la uso.

"Mama," aliniambia, "nusura tumchome mtu sindano isiyo yake. Hiyo sheria yako, izime kwa dakika tano, tumtoe marehemu, uiwashe tena."

"Daktari, sindano ililetwa na kumlaza mtu nje ya mfumo, si na sheria. Na nikiizima dakika tano, katika dakika hizo tano mtu yeyote anaweza kutoka bila mwenyewe."

"Basi usizime. Andika ndugu. Andika mtu yeyote."

Sista alikohoa. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Huyo yupo tayari," akasema.

"Nani?"

"Yeyote. Wodi nyingine wanamtumia. Mimi nilidhani unajua."

Nikavuta kompyuta ya daktari, nikafungua jedwali la ndugu, nikaandika jina hilo nikiwa na hakika halitatokea. Likatokea. Jina la kwanza: Ndugu. Jina la pili: Yeyote. Simu: sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uhusiano na mgonjwa: Ndugu. Kila nafasi ilikuwa imejazwa kama nilivyotaka, hakuna iliyoachwa wazi, na mfumo wangu ulimkubali bila kinyongo. Mtu mmoja aliyebanwa na mgonjwa asiye na mwenyewe alimsajili siku ya kwanza, na wengine wakamkuta ameshakaa.

Nikauliza mfumo huyu amewachukua nani. Orodha ikashuka, nikasogeza, ikaendelea kushuka. Alikuwa amechukua kikongwe kutoka wodi ya wanawake, pamoja na mkongojo wake. Alikuwa amechukua majeruhi wa ajali ambao hata majina yao hayakujulikana. Alikuwa amechukua mtoto mchanga. Kuna mchana mmoja alipita wodi tatu katika saa moja, akitoka na mtu kila wodi. Hapakuwa na mtumishi hospitalini aliyejituma kuliko yeye, na hakuna aliyewahi kumwona.

Mimi niliyejigamba kwamba nimefunga milango yote, kumbe nilikuwa nimewabana watu mpaka wakamtengeneza mtu wa kupita mlangoni. Na wakati huohuo nikaona mstari mwingine, kwenye kompyuta nyingine, katika mji mwingine: amechukuliwa na ndugu. Nikamjua. Miaka yote niliyokuwa najiuliza ni ndugu gani yule, alikuwa huyu.

"Na wewe," nilimuuliza sista, na sauti yangu haikuwa ya kiofisi tena, "mbona hukumwandika? Ungekuwa umeshapata kitanda chako zamani."

Sista alivuta kiti, akaketi.

"Yule mtu aliamka," akasema. "Mara moja tu, mimi nikiwa nabadilisha dripu. Akanishika mkono hapa. Akaniuliza, 'Ndugu yangu amefika?' Nikamwambia yuko njiani. Ungemwambiaje? Nikamwambia yuko njiani, tulia. Akatulia. Hakuamka tena." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Sasa nilipofika kwenye kompyuta kumtoa, nikaliona hilo jina la Yeyote, nikashindwa. Nimemwambia mtu ndugu yake anakuja, halafu nimlete huyo? Nikasema kesho. Kila siku nasema kesho. Nikaacha sahani iwe inakuja."

Daktari mkuu alituangalia sote wawili. Alisema Ijumaa gari la manispaa linakuja kuwachukua wasio na wenyewe, wanazikwa pamoja, na baada ya hapo hata tukipata ndugu wa kweli hatutakuwa na cha kumpa. "Mna nafasi mpaka Ijumaa," alisema, kisha akarudia kushika paji lake la uso.

Nikateremka ngazi nikielekea mochwari, na njiani wazo likanikamata. Mwanaume, makamo. Aliokotwa barabarani. Anamuuliza ndugu yake kama amefika. Je, kama alikuwa ananiuliza mimi? Kama alikuwa amerudi, amefika mjini, akaanguka kabla ya kufika nyumbani, na mimi nilikuwa ghorofa ya chini nakunywa chai huku jina lake limeandikwa Hajulikani kwenye mfumo wangu? Nilianza kutembea haraka, kisha nikakimbia, mwanamke mzima na viatu vya ofisini.

Mzee wa mochwari alikuwa nje ameketi juani, koti zito mabegani.

"Unamtafuta nani, binti?"

"Sijui."

"Wa hivyo wapo," akasema, akanyanyuka.

Kule ndani hakuna kompyuta. Kuna droo za chuma na kadi zilizofungwa kwa uzi. Mzee alivuta moja, akafunua shuka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeamsha mgeni. Mimi sikutazama uso. Nilitazama sikio la kushoto. Kaka yangu ana kovu pale, kovu la meno yangu. Tuligombana utotoni nikamng'ata hadi mama akadhani limekatika, na hadi tulipokuwa watu wazima alikuwa akikutana na rafiki zangu anawaonyesha sikio na kuwaonya. Sikio la yule mtu lilikuwa zima.

Ndipo nikamtazama usoni. Mtu wa watu. Paji pana, ndevu zilizoanza kuwa na mvi, kucha zenye saruji ambayo kuoshwa hakukuitoa. Hakuwa yeye. Nilishusha pumzi, na ile pumzi ilipokwisha kutoka nikakuta chini yake kuna hasira kubwa. Nilikuwa nimetaka awe yeye. Mungu anisamehe, nilikuwa nimetamani kaka yangu awe amekufa pale, karibu, kwenye droo yenye kadi, nimguse nimalize.

"Ni ndugu yako?" mzee aliniuliza.

Nilimwomba asimpeleke popote hadi nirudi.

Nyumbani nilimkuta mama kwenye kochi lake karibu na dirisha, anapinda upindo wa sketi ya jirani. Nilikuwa nimepanga kusema machache. Nikasema yote ya kitanda cha saba: sahani, fundi, mkono wa sista, lile swali la marehemu. La Ndugu Yeyote nililificha. Nililizunguka kwa uangalifu, kama mtu anayepita na kikombe kilichojaa.

Mama aliuliza neno moja. "Sikio?"

"Zima, mama."

Akashusha sindano, akaipandisha, akapiga mishono kadhaa. Nje mtu alikuwa anaosha gari huku redio imefunguliwa.

"Na mama yake?" akauliza.

"Hajulikani."

"Basi nenda kaniandike mimi."

"Haiwezekani. Ukiandikwa mama, mfumo utasema umemzaa. Utaangalia umri, utaangalia watoto wako, utakataa. Na hata usipokataa, ni uongo."

"Unapenda kweli neno lako hilo." Alikata uzi kwa meno. "Na ukijiandika wewe?"

"Nitakuwa ndugu."

"Huo nao ni uongo?"

Wakati naweka sheria za uhusiano, kila neno nililipa sharti lake. Mama lazima amzidi mtoto umri. Mume hawezi kuwa na mke ambaye hajasajiliwa. Mtoto lazima awe na mzazi. Nilipofika kwenye ndugu nilikaa siku nzima, kalamu mdomoni. Ndugu ni nani? Wa tumbo moja? Wa baba mmoja? Binamu? Mtu wa kwenu? Yule unayemsimamisha njiani na kumwambia "ndugu yangu, nielekeze"? Kila sharti nililojaribu lilimtupa nje mtu ambaye alistahili kuwa ndani. Mwisho nililiacha neno lile bila sharti lolote. Ndilo neno pekee katika mfumo mzima ambalo sikulifunga, na hapo ndipo Yeyote alipoingilia.

"Alisema ndugu yake anakuja," mama alisema. "Huyo sista kamwahidi. Sasa nani anakwenda?"

Asubuhi niliketi kwenye kompyuta ya wodini, sista amesimama nyuma yangu. Nilijisajili kwenye jedwali la ndugu: jina langu kamili, simu yangu inayopatikana. Uhusiano: Ndugu. Nilisubiri herufi nyekundu. Mfumo ukanyamaza, ukakubali, na kitanda cha saba kikawa wazi. Sista alinibana bega mara moja tu, kisha akapaza sauti waliokuwa koridoni wamlete fundi. Fundi alipolazwa aligusa upande wake wa kushoto kwa kiganja, akapapasa hadi ukingoni.

"Kaenda," akasema. Alionekana kumkosa kidogo.

Kabla sijainuka nilifanya jambo jingine. Nilifungua ukurasa wa Ndugu Yeyote nikabonyeza kufuta. Nilibonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu inasaidia. Skrini ikawa nyekundu. Haiwezekani. Kuna watu wanaomtegemea.

Maneno yangu mwenyewe. Ni kawaida ya hifadhidata: huwezi kumwondoa mtu wakati wengine wameshikizwa kwake, maana watabaki wananing'inia hewani. Mimi ndiye niliyeweka hivyo, na niliweka sawasawa. Yule kikongwe, wale majeruhi, yule mtoto mchanga, wote walikuwa wamemshika yeye, na hawakuwa na mtu mwingine wa kumshika. Nilicheka, sista akaniuliza nacheka nini, nikaona kwamba sicheki.

Nilichoweza nilikifanya. Niliilegeza ile sheria, nikaweka chaguo jipya ambalo sikuwahi kulikubali: Hakuna aliyekuja. Mtu akiwa hana wa kumchukua, na iandikwe hivyo, isimame hapo imwangalie kila anayefungua. Sista alilisoma juu ya bega langu. Alisema hilo litakuwa gumu kulibonyeza kuliko Yeyote. Nikamwambia ndiyo.

Tulizika Alhamisi mchana. Daktari mkuu alisaini karatasi bila kuuliza uhusiano wetu, au aliusoma akanyamaza. Tulikuwa wachache: mimi na mama, sista na sare yake, mzee wa mochwari ambaye alisema yeye huwa hasindikizi lakini leo atasindikiza. Msimamizi wa makaburi alikuwa na kitabu chake na kalamu iliyokuwa inaishiwa wino, anaitikisa.

"Marehemu ni nani kwenu?" aliuliza.

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ndugu. Mama akanitangulia.

"Mwanangu," akasema.

Msimamizi akaandika. Mimi nikamgeukia mama, nataka kumwambia haiwezekani, na nikamwona uso. Alikuwa amelitazama lile jeneza jembamba la mbao mbichi, na midomo yake ilikuwa inatafuta kitu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti iliyokuwa imewekwa miaka yote chini ya yale maneno "yuko kwa ndugu", akamwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja tangu simu zikatike. Sista, aliyeona vifo vingi kuliko sisi sote, aligeuka upande mwingine. Mimi nilimshika mama kiunoni, na nilipomshika nikagundua naye amenishika, na kwamba nalia, na kwamba jina lile naliita na mimi.

Mchanga ulipojaa, mzee wa mochwari akatuachia nafasi. Mama aliketi kwenye jiwe, akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa amechoka, lakini kuna kitu kilikuwa kimelegea usoni mwake, kitu nilichokuwa nimekizoea mpaka nikadhani ndiyo sura yake.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Miaka yote najiuliza, ni ndugu gani huyo asiyeniletea hata salamu. Kumbe alikufa, mwanangu. Alikufa huko, na akatokea mtu akamchukua, akajiandika ndugu. Mtu kama wewe."

Alinishika mkono. Kucha zangu zilikuwa na udongo.

"Alimzika vizuri," mama akasema. "Eti?"

Nikamjibu ndiyo. Nilimjibu haraka, kabla hajainua macho kunitazama, kwa sababu Ndugu Yeyote mimi nimemwona, na mama hajamwona, na sitaki amwone.